Kaka yangu Mkristo anagombea wadi, na msikitini tumeambiwa kura ni ya Muislamu: nifanyeje?

*Swali: Mimi ni Muislamu, mama wa watoto watatu, nakaa kijijini kaunti ya Kilifi. Marehemu baba yetu alioa wake wawili. Watoto wa mama mkubwa ni watu wa kanisa, sisi wa mama mdogo tulisilimu pamoja na mama tukiwa wadogo. Tumelelewa boma moja, tukazikana pamoja, na hatujawahi kugombana kwa sababu ya dini. Sasa kaka yangu wa mama mkubwa anataka uwakilishi wa wadi mwaka 2027. Mpinzani wake ni Muislamu wa msikiti wetu, mtu mwenye pesa zake. Ijumaa iliyopita, mume wangu aliniambia, mzee mmoja alisimama baada ya swala akasema kura ya Muislamu ni amana ya Muislamu mwenzake. Jioni yake kwenye kikundi cha WhatsApp cha akina mama wa madrasa ukaingia ujumbe wa sauti: anayempa kura kafiri asitarajie kuoshwa wala kuswaliwa siku yake ikifika. Nikampigia kaka simu kumweleza. Akaniambia nisijali, kwani kanisani kwake pasta ameshamtia mafuta mbele ya waumini na kutangaza kwamba zamu ya watu wa Mungu imefika. Nikaishiwa nguvu. Mume wangu anataka ninyamaze. Mama yangu hajui kusoma na anaogopa kura yake itaonekana. Je, nikimpigia kaka yangu kura nimeisaliti dini? Sheria inaruhusu mambo haya? Na nifanye nini nisipoteze ndugu zangu wala majirani zangu wa msikitini?*

Dada yangu, umeuliza maswali matatu, lakini lililonigusa zaidi ni lile ambalo hukulitamka: nani atanizika? Mtu akikutishia kazi, utatafuta nyingine. Akikutishia maiti yako, amekushika mahali ambapo huwezi kujitetea, maana siku hiyo hutakuwa na mdomo. Naona hofu hiyo ndiyo iliyoyabeba mengine yote katika barua yako. Nitaanza na inakotoka, kisha tuje kwenye sheria na kwenye kura ya mama.

Niweke mpaka wangu kwanza. Kazi yangu ni siasa na uchaguzi. Kama inafaa Muislamu kumpigia kura asiye Muislamu ni jambo la elimu ya dini, na jawabu lake ulitafute kwa mwanachuoni asiye na mgombea: kadhi wa eneo lenu, au sheikh wa mbali na wadi yenu ambaye hapati wala hapotezi kitu kwa matokeo. Mimi ninakuomba ukumbuke jambo moja ambalo ulilishuhudia kwa macho yako. Agosti 2022 mlipewa karatasi sita. Ile nyeupe, ya urais, ilikuwa na majina manne, na hapakuwa na Muislamu hata mmoja. Yule aliyetuma ujumbe wa sauti, kama alipiga kura siku hiyo, alimchagua asiye Muislamu awe amiri jeshi mkuu wa nchi nzima. Hakuna aliyemwambia hataoshwa. Sasa kwa nini dhambi ionekane kwenye karatasi ya wadi peke yake, tena uchaguzi huu, tena akiwa kaka yako ndiye mgombea?

Hapo ndipo kiini cha jibu langu kilipo. Watu wengi huamini kwamba kijiji kikigawanyika hivi, chuki ya dini ilikuwapo siku zote chini kwa chini na uchaguzi umeifichua tu. Wewe mwenyewe unaweza kushuhudia kwamba sivyo: mlizikana pamoja. Mgawanyiko wa aina hii huchaguliwa, na huchaguliwa kwa hesabu. Mwaka 2004 mwanasayansi wa siasa Daniel Posner alichapisha utafiti juu ya Wachewa na Watumbuka, makabila mawili yanayoishi pande zote mbili za mpaka wa Malawi na Zambia. Watu ni wale wale, lugha ni zile zile, mila ni zile zile. Upande wa Malawi Wachewa na Watumbuka walikuwa mahasimu wa kisiasa, wengi wakikataa hata kuoana. Upande wa Zambia walikuwa washirika, wakijiona wote ni watu wa Mashariki. Tofauti ilikuwa ukubwa wao ndani ya nchi. Malawi kila kabila lilikuwa kubwa vya kutosha kumfaa mwanasiasa anayetafuta ushindi. Zambia yote mawili yalikuwa madogo mno, hivyo hakuna aliyepata faida kwa kuyagonganisha.

Sasa lete hesabu hiyo kwenye wadi yenu. Katika uchaguzi wa rais, mtu wa Kilifi huhesabiwa kuwa Mpwani, au Mmijikenda, na hakuna anayemuuliza anaswali wapi. Lakini wadi ni ndogo. Kama karibu nyote ni Wagiriama, kabila haliwezi kumsaidia mgombea yeyote, kwa sababu wote wanalo. Anabaki na mbari, na sehemu mtu anakotoka, na dini. Mpinzani wa kaka yako hana haja ya kuchukia Wakristo ili aishike dini. Anahitaji tu kuona kwamba ukichora mstari hapo, upande wake una watu wa kutosha.

Na hao wa kutosha si wengi. Uwakilishi wa wadi hushindwa kwa wingi wa kawaida: anayeongoza amepita, hata kama robo tatu ya watu walimkataa. Chukua mfano wa wadi ambako watu 12,000 wamejitokeza na wagombea ni wanane. Mwenye kura 3,500 anaweza kwenda bunge la kaunti kwa raha zake. Vyama navyo havisaidii kutofautisha watu, kwa sababu aliyeshindwa kwenye mchujo wa chama hiki kesho yuko chama kile, au ni mgombea huru. Katika hali hiyo msikiti wenye safu zilizojaa kila Ijumaa, au kanisa lenye mabenchi yaliyojaa kila Jumapili, ni mkutano wa kampeni ambao mgombea hakuulipia mahema wala vipaza sauti. Watu wameshakusanyika, wanaaminiana, na wanamsikiliza anayesimama mbele. Ningekuwa mgombea asiye na rekodi ya kuonyesha, ningetamani sana kusimama pale.

Pwani imeshayaona haya. Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, Islamic Party of Kenya, IPK, ilianzishwa Mombasa, ikanyimwa usajili kwa sababu ilijengwa juu ya dini, na mji ukaingia kwenye vurugu. Wafuasi wake wengi wakaelekeza nguvu zao kwenye chama cha FORD-Kenya. Kilichofuata ndicho kinachonifundisha zaidi. Kwa kuwa Waislamu wa Mombasa walikuwa wameanza kusimama pamoja, likazuka kundi la United Muslims of Africa, UMA, lililowaambia Waislamu weusi kwamba IPK ni ya Waarabu. Watu walewale, wenye kibla kimoja, wakachorewa mstari mwingine wa rangi, kwa sababu ule wa dini haukuwafaa wenye kuuchora. Kwa hiyo usifikiri kwamba ukisimama upande wa "wetu" leo umepata makao ya kudumu. Uchaguzi ujao "wetu" inaweza kumaanisha mbari, na wewe ukajikuta nje.

Lakini mfano ambao ningependa ukae nao kwa muda unatoka Indonesia, nchi ambayo Waislamu wake wengi wanafuata madhehebu ya Shafii kama Waislamu wa Pwani, na ambako kitisho ulichokisikia kwenye simu yako kiliwahi kuandikwa kwenye mabango.

Gavana wa jiji la Jakarta mwaka 2016 alikuwa Basuki Tjahaja Purnama, anayejulikana kama Ahok, Mkristo wa asili ya Kichina katika jiji ambalo zaidi ya asilimia 80 ya watu ni Waislamu. Alichaguliwa kuwa naibu mwaka 2012 kwa kura za Waislamu hao hao, akapanda kuwa gavana mwaka 2014 mkuu wake Joko Widodo alipokuwa rais. Septemba 2016 akihutubia wavuvi kwenye visiwa vya Kepulauan Seribu, aliwaambia wasikubali kudanganywa na watu wanaotumia aya ya Kurani kuwakataza wasimpigie kura. Mtu mmoja akaweka kipande cha video hiyo mtandaoni pamoja na maandishi ya maneno yake, na katika maandishi hayo neno la "kutumia" halikuwamo. Ikasomeka kana kwamba Ahok amesema aya yenyewe inadanganya. Kufikia Desemba 2 mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamefurika katikati ya Jakarta wakidai ashtakiwe.

Sikiliza sasa yaliyotokea kwenye kura. Kura za maoni zilionyesha kwamba karibu watu saba kwa kila kumi walikuwa wameridhika na kazi yake. Hata hivyo, katika duru ya pili ya Aprili 19, 2017, alipata asilimia 42 tu, na Anies Baswedan akashinda kwa karibu asilimia 58. Maana yake wako maelfu kwa maelfu waliosema anafanya kazi vizuri, kisha wakampa kura mwingine. Kati ya duru ya kwanza na ya pili, misikiti kadhaa ya jiji ilitundika mabango kwamba haitawaswalia maiti wa wanaomtetea mtukana dini. Viongozi wengi wa Kiislamu walipinga kwa nguvu, wakikumbusha kwamba kumswalia Muislamu aliyekufa ni faradhi ya jamii nzima, na kwamba haitegemei marehemu alipiga kura wapi. Lakini bango likishatundikwa mtaani kwako, mama mzee halali akiwaza hoja za wanavyuoni. Analala akiwaza nani atabeba jeneza lake.

Nisikuelezee upande mmoja tu. Ahok alikuwa amebomoa makazi ya maskini wengi kando ya mito na karibu na bandari ya zamani, na hasira ya waliofukuzwa ilikuwa ya haki. Kwao msikiti ulikuwa mahali pekee palipowasikiliza. Dini ilibeba malalamiko ambayo yangeweza kusemwa kwa lugha ya nyumba, fidia na sheria. Mara nyingi huwa hivyo, na ndiyo maana sipendi kuwacheka watu wanaofuata wito wa msikiti au wa kanisa. Kuna kitu kinawauma.

Ahok alihukumiwa kifungo cha miaka miwili Mei 2017. Na wakubwa je? Ma'ruf Amin, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la maulamaa lililotoa tamko dhidi ya Ahok na aliyetoa ushahidi kesini kwake, alichukuliwa na rais Joko Widodo, rafiki wa zamani wa Ahok, kuwa mgombea mwenza mwaka 2019, akawa makamu wa rais. Prabowo Subianto, ambaye chama chake kilimuunga mkono Anies mwaka 2017 na ambaye alishindana na Widodo mwaka 2019 kwa kampeni iliyojaa maneno ya dini, aliingia kwenye baraza la mawaziri la Widodo mwaka huohuo kama waziri wa ulinzi. Walikaa meza moja. Mstari waliouchora waliuruka bila kuchafua viatu. Walioachwa nao ni majirani waliotoana kwenye vikundi vya WhatsApp, na ndugu walioacha kualikana Idi na Krismasi.

Hiyo ndiyo sababu ninakusihi uutazame ugomvi huu kwa urefu wake wa kweli. Kwa mgombea una mwisho, Agosti 10, 2027. Ninyi mtaendelea kuchota maji bomba moja.

Nirudi kwenu. Pwani nako kuna malalamiko ya Waislamu ambayo ni ya kweli, na mtu asikwambie ni udini kuyataja: vijana waliochukuliwa na wasionekane tena wakati wa misako ya ugaidi, foleni ndefu na maswali ya ziada kwa walioomba vitambulisho, ardhi ambayo watu wameizikia babu zao bila hati. Mgombea akisimama msikitini akasema atapeleka hayo kwenye bunge la kaunti au kwa mbunge, hiyo ni siasa halali kabisa. Tofauti iko hapa: malalamiko yanaelekezwa kwa serikali na yana dawa, ilhali ujumbe uliousikia wewe umeelekezwa kwa jirani, na hauna dawa yoyote isipokuwa jirani huyo ashindwe.

Na kaka yako naye hajatoka salama. Alipokujibu kwamba pasta amemtia mafuta na zamu ya watu wa Mungu imefika, alikuwa anafanya jambo lilelile kwa upande wa pili. Kama ninyi si watu wa Mungu, ninyi ni watu wa nani? Najua inauma kuambiwa hivi juu ya mtu unayempenda, lakini huwezi kumwendea imamu ukamlaumu mzee wa Ijumaa ilhali kaka anapakwa mafuta Jumapili. Makanisa yenyewe yameshaanza kuliona tatizo hili. Septemba 2021 huko Butere, kwenye kuwekwa wakfu kwa Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia, na wakubwa wa nchi walikuwa wameketi mbele yake. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Katoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, alikataa mchango wa pesa ambao Rais Ruto alikuwa ameutoa kwenye kanisa moja la Soweto. Kaka yako ana mifano ya kufuata kutoka nyumbani kwake mwenyewe.

Sheria inasema nini? Wengi hudhani kiongozi wa dini akigusa uchaguzi tu amevunja sheria. Hapana. Katiba inalinda uhuru wa kuabudu na wa kusema, na imamu au pasta anaweza kuhubiri dhidi ya rushwa, akawaambia watu wamchague mwadilifu, hata akasema anampenda fulani. Maneno ya yule mzee kwamba kura ni amana ya Muislamu mwenzake hayanipendezi, lakini sioni kosa la kumpeleka mahakamani. Mafuta ya pasta vilevile. Mipaka iko kwingine. Ibara ya 91 ya Katiba inakataza chama cha siasa kujengwa juu ya dini. Ibara ya 33 haimlindi anayechochea chuki. Ibara ya 81 inataka kura ya siri, isiyo na vitisho wala ushawishi usiofaa. Na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, inapoeleza kosa la kumshinikiza mpiga kura, haikuishia kwenye fimbo na panga: imetaja pia kumtishia madhara ya kiroho ili apige au asipige kura kwa namna fulani. Ujumbe ule wa sauti, wa kutokuosha wala kuswalia, unakaribia sana hapo. Pasta naye akisema kesho kwamba asiyempigia kaka yako amelaaniwa, ameingia mle mle.

Sasa mama. Mwambie kwa utulivu kwamba kura yake haionekani, ila kuna mlango mmoja ambao siri hupotelea, na aujue mapema. Mpiga kura asiyejua kusoma anaruhusiwa kusaidiwa. Akisaidiwa na msimamizi wa kituo, mawakala wa wagombea hushuhudia, na hapo ndipo kijiji kizima hupata habari kabla ya magharibi. Lakini sheria inamruhusu kuja na mtu wake anayemwamini, aliyetimiza miaka 18, ambaye si mgombea wala wakala, na mtu huyo humsaidia mpiga kura mmoja tu. Nenda naye wewe, au mjukuu wake. Kama anaweza kutambua picha na alama ya chama, basi hahitaji msaada kabisa, kwa sababu karatasi huwa na sura za wagombea. Na jihadharini na watu wanaowalipa wazee ili wadai hawajui kusoma. Lengo lao ni hilohilo, wakala aone. Yeyote akikutaka umletee picha ya karatasi yako kwenye simu, usikubali, hata akiwa ni kaka yako.

Umeniuliza ufanye nini. Ushauri wa mume wako wa kunyamaza si woga, na kwa kura yako mwenyewe unatosha: ingia, weka alama, kunja, tumbukiza, rudi nyumbani. Hudaiwi maelezo na mtu yeyote. Udhaifu wake ni kwamba kikundini mna akina mama wengine wenye ndugu makanisani, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake anayeogopa. Ukimya wa wote huonekana kama makubaliano ya wote.

Kujibu pale pale kwenye kikundi ndilo jambo ambalo singelifanya. Mtu akishapingwa mbele ya watu hamsini hawezi tena kurudi nyuma bila aibu, na wewe utageuzwa kuwa mada. Kutuma aya za kujibu aya ni hatari zaidi, maana mwenye sauti kubwa ndiye atakayeonekana mwanachuoni.

Ninaloliamini ni kuonana uso kwa uso, na mapema. Muombe mume wako, pamoja na mama mmoja mtu mzima anayeheshimiwa, pengine yule ambaye huongoza kuosha maiti wa kike hapo kwenu, mwende kwa imamu nyumbani kwake. Msimtaje mgombea yeyote. Muulizeni swali moja: je, msikiti huu utamnyima mtu janaza kwa sababu ya kura yake? Nina matumaini makubwa kwamba atasema hapana, kwa sababu anaijua dini yake. Akisema hapana, muombeni aseme hivyo yeye mwenyewe mbele ya watu, kwa maneno yake, kama fundisho la janaza na si kama majibu ya siasa. Maneno mawili ya imamu yatafanya kazi ambayo malumbano ya mwezi mzima hayawezi. Kama mtaona amebanwa na mwenye pesa, msimsukume. Ondokeni kwa heshima, mkatafute msaada wa nje nitakaoutaja.

Kwa kaka yako uwe mkali kidogo, kwa kuwa ni haki yako ya udada. Mwambie aache kujinadi kwa mafuta, na aombe nafasi ya kuja kwenye baraza la wazi ambapo Waislamu, Wakristo na wazee wa kaya wamekaa pamoja, pamoja na mpinzani wake. Waulizwe mambo ambayo kaunti ina mamlaka nayo: zahanati yenu ina dawa na muuguzi wa usiku? Chekechea ina walimu wangapi? Orodha ya basari itabandikwa wapi ili kila mtu aione? Maji ya bomba yanakatika siku ngapi, na ataidai vipi wizara ya kaunti? Mwakilishi wa wadi hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti na kuisimamia serikali ya gavana. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lina kibla.

Na ukishawasikiliza wote wawili, huna deni la kumpa kaka yako kura kwa sababu ni kaka. Nimeandika haya yote kukuondolea shinikizo la msikiti, na sitaki nikuachie shinikizo la boma. Kama mpinzani wake ana majibu bora ya maji na zahanati, mpe yeye, na umuombee kaka yako afya njema.

Kuna hali ambazo barua kama hii haitoshi. Hifadhi ule ujumbe wa sauti pamoja na tarehe na namba iliyoutuma, lakini usiusambaze, hata kwa nia ya kuulaani, kwa sababu utakuwa umeufikisha mbali zaidi. Vitisho vikianza kumtaja mtu kwa jina, au mawe yakarushwa, au mtu akafukuzwa kwenye nyumba yake kwa sababu ya kampeni, usisubiri wazee: nenda kituo cha polisi, uandikishe, uondoke na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Matamshi ya uchochezi yapelekwe kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC. Wagombea hufungwa na kanuni za maadili ya uchaguzi, na malalamiko dhidi ya kampeni yao hupokewa na tume ya uchaguzi, IEBC. Kama imamu na pasta wameshindwa kuongea, Mombasa kuna Baraza la Viongozi wa Dini wa Pwani, CICC, ambalo lina masheikh, mapadri na maaskofu waliozoea kazi ya kukutanisha watu kama ninyi. Na kama ndani ya nyumba yako jambo hili limegeuka kuwa vitisho au kipigo, hapo si siasa tena. Mwendee mtu unayemwamini siku hiyohiyo, kisha ofisi ya chifu au polisi.

Safari ya kwa imamu usiiahirishe hadi kampeni zipambe moto. Ramadhani ya 2027 itaangukia Februari na Machi, kama miezi mitano kabla ya kura, na wagombea wa dini zote watafika msikitini na tende na magunia ya mchele. Mwende kabla ya hapo, wakati imamu bado hajapokea kitu cha mtu.